Kelele ya Saa Mbili Asubuhi

Sekei, Arusha
3 Februari 2025

Binti yangu Simaloi,

Marahaba, salamu zako nimezipokea. Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo kwa miaka yangu sabini na miwili yana haki ya kulalamika. Kama kawaida naandika kwa mkono, na Zakia wangu anapiga picha kurasa na kukutumia kwa barua pepe. Ananiambia, "Baba, si umpigie tu simu?" Namjibu kwamba mambo ya vipimo huandikwa, kwa sababu simu haina pambizo la kusahihishia.

Habari kubwa ni kwamba kifaa ulichotutumia kimesimikwa. Tulikiweka Alhamisi iliyopita huko kwenu Oldonyo Sambu, ndani ya kibanda alichojenga fundi Hans, hatua mia tatu kutoka nyumba ya mjomba wako Yiamat. Hans alimwaga zege la meza kama ulivyoagiza, lisiguse ukuta popote, ili upepo ukitikisa ukuta usitikise meza. Alinishangaa. "Mwalimu, nimejenga miaka ishirini. Hii ni mara ya kwanza naambiwa sakafu isishikane na nyumba."

Nikamweleza, naye akanivumilia. Unisahihishe nilipokosea, maana siku hizi mwalimu ni wewe. Nilimwambia kwamba tuna mwale mmoja tu wa leza. Unakutana na kioo kinachopitisha nusu ya mwanga na kuigeuza nusu nyingine. Nusu moja inakwenda mita moja kaskazini, nyingine mita moja mashariki, kila moja inagonga kioo chake na kurudi. Tumezipanga ili zikikutana zifutane, na pale pa kutokea pawe giza. Ardhi ikitikisika hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, njia moja inazidi nyingine kidogo, kufutana kunaharibika, na mwanga unachungulia. Mtambo wenu mkubwa huko kituoni ni huo huo, ila mikono yake ni ya kilomita, imo ndani ya mabomba yasiyo na hewa, na unachosikiliza ni mawimbi ya uvutano yanayotoka mbali sana, pale nyota mbili zilizokufa zinapogongana.

"Na sisi huku tunasikiliza nini?" Hans akauliza.

Nikamwambia tunasikiliza ukimya. Jopo la wanasayansi linatafuta ardhi tulivu pa kujenga mtambo wa mafunzo wenye mikono ya mita arobaini, vijana wetu wajifunze hapa hapa, wasilazimike kusafiri kama ulivyosafiri wewe. Maeneo matano yanashindana, na kila moja lazima lionyeshe siku arobaini mfululizo za utulivu kabla ya kikao cha mwisho wa Juni. Hans akatazama pande zote. "Basi mmeshinda. Huku hakuna kitu."

Bibi yako, Koko Naipanoi, alikuja kukiona. Yiamat alimwambia ni mgeni wa Simaloi. Akaniuliza kama kikishindwa wewe utafukuzwa kazi. Nikamwambia hapana, lakini naona hakuniamini.

Wako,
Mwalimu Hatibu


Kituoni
14 Februari 2025

Shikamoo Mwalimu,

Takwimu zinafika kila jioni bila shida. Vioo umevipanga vizuri kuliko nilivyovipanga mimi maabara, na nimewaambia wenzangu hivyo.

Lakini tuna kelele. Kila siku, kuanzia saa mbili na dakika kumi asubuhi, inaanza mitikisiko midogo. Inakua, inatulia kwa dakika chache, kisha inafifia. Baada ya robo saa inakuja vurugu isiyo na mpangilio, kama nusu saa hivi. Kisha kimya kizuri mpaka kesho yake. Jumapili inakuja mapema zaidi, saa moja. Tetemeko halijui Jumapili, Mwalimu. Hiki ni kitu cha watu au cha mashine.

Usidhani nalalamika. Nusu ya kazi yetu hapa ni kuwinda kelele. Vioo vyetu vinaning'inia kwenye nyuzi nyembamba za kioo, na tunapima mabadiliko madogo kuliko hata kiini cha atomu, kwa hiyo kila kitu duniani ni adui. Mwaka jana tulipoteza wiki nzima kwa sababu ya friji ya jikoni. Kila mtu alikuwa akitoa maziwa yake humo huku akiuliza kelele inatoka wapi.

Tafadhali nenda ukakae pale asubuhi moja. Nina hamu sana na jambo hili. Pendekezo la Oldonyo Sambu ni langu peke yangu, na wapo waliocheka kwamba nimechagua nyumbani kwa kuwa ni nyumbani.

Mwanafunzi wako,
Simaloi


Sekei
27 Februari 2025

Binti yangu,

Nilikwenda Jumamosi. Niliwahi gari la Namanga nikafika mapema. Nimekagua zege, halina ufa. Nimekagua betri za sola, zimejaa. Nimekaza skrubu ya kioo cha mashariki. Kuhusu chanzo cha kelele, bado tunaangalia.

Umezungumzia nyuzi za kioo, nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kuwafundisha vizuri darasani. Mtu akishika kamba yenye jiwe na kuutikisa mkono polepole, jiwe linafuata mkono. Akiutikisa haraka sana, jiwe linabaki pale pale. Nadhani ndivyo mnavyovikinga vioo vyenu, kwa kuvining'iniza ngazi kwa ngazi, kila ngazi ikimeza sehemu ya mtikisiko. Ni jambo zuri sana. Ningekuwa bado nafundisha ningelionyesha kwa ndoo.

Mahindi ya Yiamat hayajambo. Koko anakusalimu sana. Jumamosi ijayo huenda tukawa tumeanza mfungo, kwa hiyo safari zangu zitapungua.

Wako,
Mwalimu Hatibu


Kituoni
19 Machi 2025

Shikamoo Mwalimu,

Pole na saumu. Nitaandika kwa ufupi.

Kelele haijaondoka, na kwa kuwa wewe umekagua na hukuona kitu, nimeitafuta upande wangu. Nimefungua kadi ya umeme iliyo pacha wa ile niliyoiweka kwenye kifaa chenu. Kuna sehemu niliyounganisha waya kwa kuchomelea ambayo siiamini tena. Wiki iliyopita nililiandikia jopo kwamba kosa huenda ni langu, la kifaa chenyewe.

Wamejibu leo. Kama kifaa hakiaminiki, hata siku zake tulivu haziaminiki. Wananishauri niliondoe eneo letu mwenyewe kabla ya mwisho wa Aprili, ili lisikataliwe rasmi.

Nisamehe. Nimekusumbua na magoti yako bure.

Simaloi


Sekei
21 Machi 2025

Binti yangu Simaloi,

Usiondoe chochote. Kadi yako ni nzima. Mkosaji ni mimi.

Naandika nikiwa na saumu, na sitaki kuifungua jioni hii kabla sijakuambia ukweli. Siku ile ya Februari niliiona kelele kwa macho yangu. Saa mbili na dakika kumi Koko Naipanoi alitoka kwake na kibuyu cha maziwa na kicha cha majani mabichi. Akapanda taratibu mpaka kibandani. Akachovya majani, akanyunyizia maziwa mlangoni na kwenye pembe zote nne, huku akikiombea. Jina lako lilitajwa mara nyingi. Kisha akayafunga majani juu ya mlango, akapumzika kidogo na kurudi. Jumapili anawahi kwa sababu ya ibada.

Robo saa baadaye mbuzi wa Yiamat wakaja kula yale majani, na walipomaliza wakajikuna ukutani. Ndiyo vurugu yako ya nusu saa.

Alinikuta nimesimama. Akaniambia, "Mwalimu, nakibariki kila siku, kisimwangushe mtoto." Ningemjibu nini? Kwamba baraka yake ndiyo inayomwangusha? Yeye ni mkubwa kwangu, niko kwake, na mimi si wa dini yake wala wa kabila lake. Nilijiambia nitamwambia safari ijayo. Safari iliyofuata nikajiambia atachoka mwenyewe. Nikakuandikia "bado tunaangalia", kisha nikajaza ukurasa kwa jiwe na kamba.

Miaka thelathini na mbili nilikuwa nikiwafutia alama wanafunzi walioandika matokeo wasiyoyaona. Mimi nimeona matokeo nikaacha kuyaandika. Sina cha kujitetea.

Liandikie jopo leo. Taja jina langu.

Hatibu


Kituoni
23 Machi 2025

Shikamoo Mwalimu,

Nimesoma barua yako mara tatu. Nimekasirika, na sijawahi kukukasirikia, kwa hiyo sijui inavyofanywa. Nilikaa wiki mbili nikiitazama kadi ile chini ya hadubini. Niliacha kuiamini mikono yangu.

Jopo nimeliandikia. Wamenipa nafasi moja. Tukipata siku arobaini safi, watazitazama, lakini hawaahidi kuziamini.

Sasa nina swali jingine. Nimerudi kwenye takwimu nikijua kwamba nilichokiita mitikisiko ni hatua za mtu. Mipigo inakuja mitatu mitatu. Mmoja mkali, mmoja mzito, mmoja mwepesi sana. Ule mkali ni fimbo. Ule mwepesi ni mguu unaoogopa kukanyaga. Mwalimu, Koko ninayemjua mimi alikuwa akipanda kilima na mzigo wa kuni, akinicheka nyuma yake. Nikipiga simu mjomba ananiambia, "Koko mzima kabisa." Tangu lini anatembea hivi?

Nijibu kama ulivyonijibu juzi, si kama ulivyonijibu Februari.

Simaloi


Sekei
30 Machi 2025

Binti yangu,

Jana nilikwenda. Nitaanza na ulichouliza mwisho.

Koko alianguka mwezi wa kumi na moja akiteka maji. Mfupa haukuvunjika, ila nyonga iliumia, akalala hospitali siku tisa. Nyumbani walikubaliana wasikuambie mpaka mkataba wako wa kwanza wa kazi uthibitishwe, na mimi walinipa sharti hilo hilo. Anaendelea vizuri. Daktari alimwagiza atembee kidogo kila asubuhi, naye akaona bora atembee kwa faida.

Sasa hayo mengine. Nilimwamkia kwa lugha yenu, "Takwenya, Koko."

"Iko," akaitikia. "Mwalimu, leo una uso wa mtu aliyevunja chungu cha watu."

Akanikaribisha maziwa. Nikamwambia nimefunga, akasema atayafunika mpaka magharibi, nisiondoke. Nikamweleza yote.

"Kwa hiyo maziwa yangu ndiyo kelele."

"Si maziwa, Koko. Ni miguu. Na mbuzi wanaofuata majani."

"Mbuzi wa Yiamat hawana adabu, hilo najua. Wewe umejua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Ukawa unanitazama tu napanda kile kilima na mguu huu!" Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee na mvi zako zote, unaogopa kumwambia bibi apishe. Shuleni ulikuwa unawachapaje hao watoto?"

Kisha akamwita Yiamat. Mbuzi wahamie upande wa korongo kuanzia leo. Mtu yeyote asikaribie kibanda, hata kuchungulia. Yeye atanyunyizia maziwa akiwa mlangoni kwake. "Upepo wa asubuhi unaelekea huko huko," alisema, "na Mungu si kiziwi kama mnavyodhani."

Nilifuturu kwake. Kesho tutasali Idi, inshallah. Anza kuhesabu siku kuanzia kesho.

Hatibu


Kituoni
9 Mei 2025

Shikamoo Mwalimu,

Leo ni ya arobaini. Zote safi! Kelele ya saa mbili imekatika tangu siku ile ya kwanza, kama mtu aliyezima redio. Mvua za masika zinaonekana, lakini mvua wanayo washindani wote.

Koko nimeongea naye. Alinigombeza kwa kuwa nililia. Mjomba nimemgombeza mimi.

Ila jopo bado lina wasiwasi. Wanasema tumepata kelele, tumepata hadithi nzuri ya bibi na mbuzi, na kelele imeondoka. Nani anajua kama kifaa kinasikia kweli, au siku hizi kimelala tu? Wanataka jaribio tunalolifanya hata huku. Wakubwa wa kituo huvitikisa vioo kwa siri, kama vile wimbi limepita, bila kutuambia. Tunatakiwa tuligundue wenyewe na kutangaza tulichokiona, ndipo jibu linafunguliwa. Ukikosa, umekosa. Ukitangaza kisichokuwepo, ni vibaya zaidi, kwa sababu hakuna atakayekuamini siku wimbi la kweli likija.

Kwa hiyo namwomba Koko, kama mguu unaruhusu, atembee mpaka kibandani siku na saa atakayochagua yeye, kati ya tarehe 11 na 21. Akuambie wewe peke yako. Andika, funga kwenye bahasha, weka saini juu ya gundi. Mimi nitatangaza tarehe 22, na bahasha itafunguliwa mbele ya jopo kwa video.

Tukifaulu tunabaki. Tukikosea tumetoka.

Simaloi


Sekei
12 Mei 2025

Binti yangu,

Nimemweleza Koko. Aliuliza, "Yaani nimvizie mjukuu wangu?"

Nikasema ndiyo.

"Hiyo naiweza."

Ameniambia siku na saa zake. Bahasha imefungwa, ipo ndani ya sanduku langu la vyeti. Sitakuandikia tena mpaka tarehe 22, hata salamu, nisije nikakudokezea bila kujua. Umeona jinsi ninavyoandika nikiwa na jambo la kuficha.

Hatibu


Kituoni
22 Mei 2025, asubuhi

Shikamoo Mwalimu,

Naandika hii zimebaki saa mbili kikao kianze. Utaisoma baadaye, lakini nataka iwe na tarehe ya leo.

Nimeona mbili bila shaka yoyote. Jumanne tarehe 13, saa kumi jioni. Ijumaa tarehe 16, saa tano asubuhi. Fimbo, mguu mzito, mguu mwepesi. Na ule mwepesi si mwepesi kama wa Machi, anaukanyagia sasa.

Tatizo ni la tatu. Jumatatu tarehe 19, saa nane mchana, kuna kitu kidogo sana. Hakina fimbo. Hatua hazina mpangilio wa Koko, zinakwenda, zinasimama, zinakwenda. Kimekaribia kibanda na kuondoka, kisha hakuna kitu. Wenzangu wawili wameniambia niliache. Ni mbuzi, wanasema, au upepo. Taja mbili zilizo wazi uende nyumbani.

Nimeitazama tangu juzi. Si mbuzi, mbuzi wana miguu minne na haraka. Ni mtu. Nikiitaja na haipo kwenye bahasha, nimetangaza kisichokuwepo, na Oldonyo Sambu imekwisha. Lakini nimeiona, Mwalimu. Nikiacha kuiandika nitakuwa nimefanya ulichonifundisha nisifanye.

Nitatangaza tatu.

Simaloi


Sekei
24 Mei 2025

Binti yangu,

Wewe ulikuwa kwenye kikao kama mimi, kwa hiyo unajua nilivyojisikia nilipoifungua bahasha ile mbele ya nyuso zile, nikasoma Jumanne, nikasoma Ijumaa, na karatasi ikaishia hapo. Nilikiona kichwa chako kikiinama. Mwenyekiti alisema kwa upole, "Asante, tutaendelea," na kioo cha simu ya Zakia kikawa cheusi.

Sikulala vizuri. Jana nikapanda gari la Namanga. Koko alikuwa kivulini anachambua maharage.

"Koko," nikamwambia, "Jumatatu saa nane mchana kuna mtu alikwenda kibandani?"

Hakuinua macho. "Kwani kimesema?"

"Kimesema."

Hapo akaiweka sinia chini. "Nilikuwa mimi."

"Lakini uliniambia Jumanne na Ijumaa tu!"

"Hizo ni zenu. Nyie wawili mnaandikiana barua kila siku, nitajuaje kama hamjapanga njama? Umeshamdanganya mara moja, ukimwonea huruma utashindwa kumdokeza? Nikasema nitakwenda safari moja ambayo hata wewe huijui. Kama kinasikia, kisikie."

Akaniambia alivyofanya. Alivua katambuga zake, akabaki pekupeku. Fimbo akaiacha mlangoni. Akasubiri wote walale usingizi wa mchana, akapita pembeni ya zizi ameshika ukuta, akisimama kila baada ya hatua chache ili kidanganyike. Alifika, akaugusa mlango kwa kidole, akarudi. Na Elinipa, mke wa Yiamat, alimwona. Alikuwa amekaa na jambo hilo siku nne akidhani Koko ameanza kuchanganyikiwa, akaona haya kulisema.

Nimeandika maelezo ya Koko kwa maneno yake, na ya Elinipa kwa yake, mbali mbali, kila mmoja bila kumsikia mwenzake. Wameweka saini. Yiamat amepima njia kwa kamba. Kurasa nne, Zakia amezituma kwa jopo zima na si kwako peke yako, ili mtu asiseme tumepatana.

Hatibu


Kituoni
1 Julai 2025

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Koko, na wote mlio hapo,

Wametuchagua.

Nimekaa dakika kumi nikitafuta namna nzuri ya kuliandika neno hilo, nikakosa. Mwenyekiti alisema kwamba maeneo yote matano yana ardhi nzuri, lakini ni moja tu lililopita jaribio ambalo hata mwenye majibu hakulijua. Wenzangu wale wawili wamenunua keki. Msingi wa mikono ya mita arobaini utaanza Septemba, nami ninakuja kuusimamia kwa miaka miwili, nikiishi nyumbani. Hans aambiwe sakafu hii nayo haitashikana na nyumba.

Jina la Koko litaingia kwenye ripoti kama aliyebuni jaribio la tatu. Wanauliza liandikwe vipi; rasimu yake nimeiambatanisha hapa.

Simaloi


Oldonyo Sambu
5 Julai 2025

Binti yangu Simaloi,

Naandikia hapa hapa uwanjani, Koko akiwa ubavuni mwangu. Nilimsomea barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti kubwa kwa sababu Hans alikuwa amefika. Amesema jina liandikwe Naipanoi, inatosha, wanaomjua wanamjua.

Halafu akataka kujua kama kwenye hiyo ripoti wameandika pia kwamba mwalimu alijua habari za maziwa tangu Februari akanyamaza.

Nimemwambia ndiyo, wameandika. Ukurasa wa tisa. Akaniomba nimsomee na huo.

Hatibu